Mtu wa Kungoja

Kwa sheria ya miaka hiyo, gari halikuwaka mpaka mtu akubali, kwa sauti yake, kumngoja dereva afike salama. Kokusima, daktari wa meno aliyehamia Dodoma peke yake, alikuwa amepitia majina yote kwenye simu yake asipate wa kumwomba.

Dukani, muuzaji aitwaye Lameck alimwonyesha magari mawili madogo ya kifahari.

"Mtandao wao una kasi ileile, daktari. Tofauti ni kwamba hili jeupe lina sauti yake lenyewe. Litakungoja, litakuuliza umekula nini, na halichoki."

"Na la kijani?"

"Linakutafutia mtu wa kweli, ambaye naye hana mtu. Anakungoja, nawe unamngoja. Wateja hawalipendi. Binadamu anasumbua."

Kokusima akacheka. "Basi acha nisumbuliwe."

Jumamosi saa tano asubuhi, akichambua mchele, simu iliita.

"Hujambo, mwanangu. Naitwa Masumbuko, niko Singida. Gari limenipa jina lako. Naenda kliniki, dakika ishirini tu. Utaningoja?"

"Shikamoo, baba. Nenda salama, nakungoja. Ukifika unipigie."

"Marahaba. Nitapiga."

Akasikia gari likiwaka, kisha simu ikakatika.

Saa nane mchana wali ulikuwa umepoa mezani, na simu ilikuwa haijaita. Kokusima alisogeza kiti karibu nayo. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie mji ule, alikuwa na mtu wa kumhangaikia.