Jani la Mwaka wa Ukame

Jumamosi, tarehe 9 Novemba. Kulipambazuka na upepo mkavu, jua jekundu nyuma ya vumbi.

Kimiminika cha zambarau kilichotiwa maji ya jani la jangwani kilikuwa kikififia ndani ya kichupa. Mpimaji alikitazama, midomo ikimcheza kwa sala, hadi kikawa manjano.

"Mama Vyupa, unaliombea jani?" mkuu wa maabara alimtania. Jina hilo lilimganda tangu alipokuwa akiosha vyupa humo humo, kabla ya miaka sita ya masomo ya jioni.

"Naomba liseme kweli, bosi."

"Si limesema? Rangi haipotei hivi bila antioksidanti tele, vile viini vinavyolinda mwili usichakae. Na sumu?"

"Hakuna. Hata chembe."

"Kumbe watu wanakanyaga chakula huko jangwani!"

Mpimaji hakucheka. Mwaka wa ukame, yeye na pacha wake wakiwa na miaka miwili, mama yao alilichuma jani hilo jangwani akalipika. Usiku ule pacha akafa. Shangazi akatangaza kwa kila mwenye masikio kwamba wifi yake amempikia mtoto sumu. Mama hakujitetea. Ila jani hilo halikukanyaga tena nyumbani kwake, na kwa miaka arobaini na mmoja hakuwahi kumtazama binti yake akila. Sahani ikitua tu, mama hukumbuka kazi ya uani.

Sasa mama alikuwa kitandani, hesabu ya siku zake anaijua Mungu, na binti hakutaka aende kaburini na mzigo usio wake.

Alikwenda nyumbani mbio mbio, karatasi ya majibu kifuani, akimshukuru Mungu kwa kila darasa, hata yale aliyosinzia.

Shangazi na kitindamimba wa nyumba walikuwa wameketi kando ya mgonjwa. Binti alipiga magoti.

"Mama, nimelipima mara tatu. Lile jani halina sumu. Ni chakula, tena chakula bora. Hukumuua mtu, mama yangu. Umesikia?"

Shangazi alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Wifi, nisamehe. Ulimi hauna mfupa. Nimekuonea miaka yote hii."

"Hukunionea, wifi." Mama alimshika binti yake kidevu, akamtazama usoni kwa muda mrefu. "Nilijua halina sumu, mwanangu. Lilikuwa konzi moja tu, nanyi mlikuwa wawili. Mwenzako hakulionja."

Mama aliwatazama mmoja mmoja, kisha akainua sauti ili wote wasikie.

"Naahidi mbele yenu: nikifika kwake, safari hii nitaanza kumlisha yeye."