Pete ya Kiume

Pete ilifika kwenye kifundo cha kidole ikagoma. Bibi harusi mtarajiwa, mwashi kwa kazi, alikuwa amesugua mikono mara tatu asubuhi ile, lakini saruji ilikuwa bado imejificha kwenye kucha. Mkono wa pili alikuwa ameuzamisha mfukoni.

"Saizi za kike haziendi zaidi ya hapa," sonara alisema, akimtazama mchumba wa mwashi kana kwamba anampa pole. "Labda aivae kwenye mkufu."

Mchumba, fundi cherehani mwenye vidole vyembamba, aliichukua ile pete akaivaa mwenyewe. Ikamkaa sawasawa.

"Basi hii ni yangu. Ile ya kiume mpe yeye."

"Watu watawacheka, kaka."

"Wakicheka nitawakaribisha ndani wakae. Kuta zote za nyumba yetu kazipandisha yeye, tofali kwa tofali."

Mwashi akahisi shingo yake inanyooka. Akautoa mkono mfukoni, akaiweka mikono yote miwili juu ya kioo cha meza ya sonara, na sugu zake zote.

"Ongeza saizi moja, vidole hivi bado vitanenepa," alimwambia. "Mwezi ujao tunapandisha ghorofa."