Gitaa si Muwa

Kijana alikuwa ameliuma gitaa tena.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, amefumba macho, meno yameng'ata ubao pembeni, vidole vinatembea kwenye nyuzi. Mama yake alisimama mlangoni na tepu ya kupimia nguo shingoni. Akamwita. Akamwita tena. Hata ukope haukutikisika.

Mama akaenda kusimama mbele yake, akampiga begani.

"Gitaa si muwa, baba! Kama una njaa, chakula kipo mezani."

Kijana alishtuka, akamtazama mdomoni, akacheka. "Naja, mama!"

Alisema kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara. Hilo nalo lilikuwa jipya. Zamani alikuwa mpole. Baba yake alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa akimshika mama mkono kwenda kanisani. Sasa anamfokea mama yake ndani ya nyumba ya mama yake.

Mama alijua ugonjwa ulikoanzia. Ni bluzi. Kijana alifanya kazi karakana ya mbao, kwenye mashine ya randa iliyovuma kutwa nzima, na jioni alirudi na maranda kichwani. Huko ndiko fundi mmoja alikomwonjesha muziki huo wa kulalamika polepole. Ukamwingia. Akachonga gitaa lake mwenyewe kwa mabaki ya mbao. Hakuimba pombe wala wanawake, hapana. Alimwimbia Mungu. Lakini alimwimbia kama mfiwa.

"Bwana, mbona siku hizi unanong'ona?" Ndivyo wimbo wake mpya ulivyoanza. "Sogea karibu, Bwana, useme nami."

"Nani kakwambia Mungu ananong'ona?" mama alimuuliza. "Mungu ananguruma! Muumini gani anamsuta Mungu wake?"

"Simsuti, mama. Namlilia. Kwani machozi hayapokei?"

Halafu siku moja mwalimu wa kwaya akaja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kando ya cherehani, kofia ameiweka gotini.

"Mama, kijana ametuharibikia. Tukianza, yeye bado. Tukimaliza, yeye ndiyo kwanza anaendelea. Anapiga kelele juu ya wenzake. Halafu," akashusha sauti, "mabinti wa sauti ya kwanza wanalalamika. Wakiimba, anawakodolea midomo. Kanisani, mama!"

Mama alijishika kifua.

"Nimempumzisha. Akiachana na hizo bluzi, arudi tu. Mlango uko wazi."

Jioni kijana alipoambiwa kwamba ametolewa kwenye kwaya, hakubisha. Alikaa sakafuni, miguuni pa mama yake, kama enzi za utoto wake.

"Mama, kuna jambo nataka kukwambia. Nilikuwa naogopa presha yako tu..."

"Jambo ni hilo gitaa! Na hao mabinti wa watu! Usiniongezee lingine."

Kijana alimtazama mdomo mpaka alipomaliza. Kisha akainuka, akaenda chumbani kwake.

"Sikio la kufa halisikii dawa," mama alimwambia jirani yake kesho yake, wakianika nguo uani. "Mtoto huyu nilimbeba mgongoni huku nashona. Nikiimba, anabandika shavu hapa kwenye uti, analala fofofo. Leo namwita, haitiki!"

"Na wewe siku hizi huimbi, mama fundi. Tunasikia cherehani tu."

"Nitaimba nini, na mwanangu anapotea?"

"Hajapotea. Samaki bado mbichi huyo, mkunje."

Jumamosi, kijana akiwa kazini, mama alilivuta gitaa kutoka chini ya kitanda. Hakuwahi kulishika. Pembeni, ubao ulikuwa na vishimo vya meno, vimelainika kama ukingo wa kijiko cha mtoto. Akapiga ishara ya msalaba, akalibeba mpaka jikoni, akalipasua kwa shoka.

Mbao zilikuwa kavu, nzuri. Zilishika moto mara moja. Akabandika sufuria juu yake. Anamwokoa, alijiambia. Kila kuni ilipolia alijiambia tena: anamwokoa.

Kijana aliingia chakula kikikaribia kuiva. Aliziona nyuzi zimejikunja kwenye majivu. Hakupiga kelele. Alichuchumaa, akaokota uzi mmoja ungali wa moto. Ukamuunguza. Hakuuachia. Akaenda nao pembeni, akamgeuzia mama mgongo, akawa anaufuta kwa shati lake, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

"Utakuja kunishukuru," mama alisema, huku anakoroga. "Mzazi hamchomi mwanawe, baba. Anachoma kinachomla."

Kimya.

"Nijibu basi. Nitukane hata. Usininyamazie, mwanangu, nimebaki na wewe tu."

Machozi yakamziba macho, mfuniko mzito wa sufuria ukamponyoka, ukagonga sakafu ya saruji na kubingirika hadi ukutani. Kuku uani waliruka. Upande wa pili wa ukuta, kichanga cha jirani kiliangua kilio.

Kijana aliendelea kufuta uzi wake.

Mama alimtazama mgongo ule kwa muda. Kisha akaligeukia jiko, kwa sababu hakujua pengine pa kutazama.

Baadaye alisikia hatua. Kitu kikamgusa mgongoni, pale pale kwenye uti. Kijana alikuwa mrefu, ilibidi apige magoti kwenye majivu ndipo shavu lifike.

"Imba, mama," alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Hapa kwenye mfupa bado nasikia."