Jengo Hulaliwa Kwanza

Vumbi lilidondoka tena, jeupe na laini kama unga, likatua kwenye kitambaa cha meza mbele ya picha ya marehemu. Binti yake, kitinda mimba, akainua macho. Juu ya jukwaa, pale boriti kubwa ya zege ilipokutana na ukuta, palikuwa na ufa. Alipoingia ukumbini haukuwa mrefu hivyo. Au ulikuwa?

Akamnong'oneza kaka yake. Kaka mtu hakugeuza hata shingo.

"Ukumbi huu kaujenga Baba," alisema. "Wewe tangu utotoni unaogopa hata kivuli chako. Tulia, watu wanatuangalia."

Ni kweli alikuwa mwoga, na familia nzima ilimtania kwa hilo. Akajilazimisha kutazama mbele. Mkurugenzi wa kampuni alikuwa ameshika kipaza sauti akimwaga sifa: mhandisi asiye na mfano, mtu wa nyumbani ambaye kazi ikiisha hakujua njia nyingine ila ya kwa mkewe na wanawe. Ukumbi huu, alisema, ulikuwa na haraka zake. Wakubwa walitaka ufunguliwe upesi, na mhandisi akaumaliza kabla ya siku waliyompangia. Kuanzia leo utaitwa kwa jina lake. Watu wakapiga makofi kwa nguvu, na vumbi likadondoka.

Nje ya mlango, juani, alisimama msimamizi wa mafundi aliyefanya kazi na marehemu tangu ujana wao. Walimwita aje akae mbele na familia. Alikataa kwa adabu, akasema miguu inamsumbua, ingawa viti vyote vilikuwa ndani. Binti alimwona mzee huyo akimtazama, kisha akikwepesha macho. Alitaka kunyanyuka apige kelele, watu watoke, lakini akaona aibu itakayowapata: msiba wa Baba, na yeye anakimbia nyumba aliyoijenga Baba.

Ndipo mama yake akapanda jukwaani, na binti akapata pa kushika.

Mama alisimulia jambo ambalo watoto wake walilijua kwa mbavu zao. Marehemu hakuwa akikabidhi jengo kabla hajalala ndani yake usiku mmoja, yeye na mkewe na wanawe. Hospitali, shule, maghorofa ya watu: walitandika mikeka juu ya saruji iliyokuwa bado inanuka ubichi, wakanywa chai ya chupa, wakausikiliza upepo ukipiga mluzi kwenye madirisha yasiyo na vioo. Asubuhi waliamka migongo inauma, Baba anacheka peke yake.

"Nikamwambia, wanaume wenzako huwapeleka wake zao matembezi," Mama alisema, na ukumbi wote ukaangua kicheko. "Akanijibu, 'Mke wangu, kama siwezi kulaza wanangu humu, nitawaambiaje watu walete wao?'"

Binti alicheka huku machozi yakimtoka. Alijikumbuka amebanwa kati ya kaka yake na mgongo wa Baba, hofu zote zimemwisha, amelala fofofo. Ukumbi huu ulipokamilika yeye alikuwa shule ya bweni, na kaka yake alishapata kazi mbali. Basi humu walilala wazee wawili peke yao. Na Baba asingemlaza Mama chini ya boriti mbovu; hilo hata mwoga angeweza kuliapia. Pumzi zikamrudia.

Mkurugenzi akaomba wajukuu wote wapande jukwaani wapigwe picha pamoja na picha ya babu yao. Mtoto mdogo wa binti akamng'ang'ania mama yake sketi. Woga ulikuwa wa kurithi.

"Nenda, mwanangu," alimwambia, akimbandua vidole taratibu. "Kajenga Babu hapa."

Mtoto akaenda. Mpiga picha aliwataka wasogee, wabanane zaidi, waje katikati. Mama akarudi kuketi, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Binti akamshika mkono, akajicheka moyoni kwa woga wake, akatamani kusikia habari za ule usiku uliompita.

"Mama," alimuuliza, "humu mlilala upande gani, wewe na Baba?"

"Humu?" Mama alizungusha macho ukumbini kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni kwa watu. "Humu hatukulala, mwanangu. Nilishafungasha kila kitu, akakataa katakata, akaniapisha nisitie mguu. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia."