Upande Uliobaki

Afisa alibaki garini, injini ikinguruma. "Nenda ukamlete mtoto," alimwambia Tumsifu, mwanafunzi wa ustawi wa jamii aliyekuwa mafunzoni kwake. "Bibi yake haoni. Kwenye kituo cha watoto atatunzwa."

Ndani, Bi Mwanahawa alikuwa akimsuka mjukuu wake. Upande mmoja ulikwisha, mistari imenyooka hadi kisogoni. Upande wa pili nywele zilikuwa timtim.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetumwa kumchukua?"

"Ni mimi."

"Basi ngoja nimalize. Hatoki hapa kama mtoto asiye na wenyewe."

Mtoto aliuma mdomo asilie. Vidole vya bibi vilipapasa, vikagawa nywele, vikaanza mstari mwingine.

Honi ikalia. Tumsifu akatoka hadi kwenye gari.

"Yuko wapi?"

"Anasukwa na bibi yake. Mama, naomba ushuke uone kwanza."

"Umekuja kujifunza kazi au kunifundisha?"

"Kujifunza. Lakini simtoi kabla hujaona."

Afisa alimkazia macho, kisha akazima injini.

Tumsifu alirudi, akavua viatu, akaketi mkekani. Bibi akampa kitana amshikie. Wote watatu wakasikilizia kama mlango wa gari utafunguka.