Neno kwa Neno

Walimkuta fundi sakafuni, gurudumu la cherehani bado linazunguka na gauni la mteja limekunjamana chini ya kichwa chake. Mafundi wenzake walidhani ni mimba tu inamchezea. Wakambeba hadi zahanati, na mama mkwe wake akafika mbio, viatu mkononi.

Nesi alimvuta fundi kope la chini, akatazama, akaguna. "Hapa damu hakuna. Nani anamtunza?"

Fundi alikuwa amelazwa, dunia inamzunguka. Kwa hiyo aliyeingia chumbani kwa nesi kupokea vidonge na maelezo ni mama mkwe. Alikaa huko kitambo.

"Nimeelewa yote, mwanangu," alisema alipotoka. "Wewe kazi yako kula na kupumzika. Mengine niachie mimi."

Mtaani watu walibaki midomo wazi. Huyu si ndiye aliyesusa harusi? Si ndiye aliyetangaza kwamba mwanawe kaenda kuokota mshona viraka, na binti wa maana alishamtafutia? Leo kageuka asali. Lakini fundi alikuwa amelelewa na shangazi asiyemtaka, na hakuwa na hamu ya kuchimbua ya nyuma. "Nimepata mama," aliwaambia wenzake kazini, nao wakamwonea wivu kidogo, tuseme ukweli.

Na alitunzwa kweli. Maini, maharage, mboga za majani. Kila akimaliza kula, mama mkwe alimletea kidonge na kikombe cha chai ya rangi, nyeusi tii, akasimama palepale mpaka kikombe kiishe.

"Meza na chai. Maji yatakutapisha."

"Mama, utanidekeza."

"Sasa nimdekeze nani mwingine? Kunywa."

Nguvu hazikurudi. Akifagia tu sebule, moyo unamwenda mbio. Viganja vilipauka, akaanza kutafuna mchele mbichi kwa kujificha, akiona aibu. Mumewe akaingiwa na hofu, wakarudi zahanati wote watatu.

Nesi alipima, akakuna kichwa. "Vidonge unameza?"

"Kila siku."

"Na yale niliyomweleza mama, mnayafuata?"

"Neno kwa neno," alijibu mama mkwe, mkono wake begani kwa fundi.

Nesi akaongeza vidonge. Nyumbani, mama mkwe akaongeza majani kwenye birika.

Mtoto alikuja kabla ya wakati, wa kiume, na hakulia. Damu iliyomtoka fundi haikuzidi ya wazazi wengine, ila yeye hakuwa na ya kupoteza. Walimtundikia damu ya watu asiowajua, akarudi nyumbani mzima, mikono mitupu, na vidonge vingine vya kuendelea navyo.

Alijichukia. Aliona mwili wake ndio mbovu, umepewa kila kitu ukakataa. Alimwomba mama mkwe msamaha kwa kumpotezea mjukuu, na mama mkwe akampangusa machozi kwa upindo wa kanga yake. Jioni ileile akamwambia mwanawe, kwa upole, kwamba wako wanawake ambao hawakuumbiwa kuzaa, na kwamba yule binti wa maana bado hajaolewa. Mume hakukataa.

Juma lililofuata wifi yake, binti wa mama mkwe, akaja kumpa pole. Naye alikuwa mjamzito, tumbo limeshajitokeza. Alikaa kitandani na fundi, wakalia pamoja, kisha akaitwa sebuleni kula. Fundi alibaki amelala nyuma ya pazia, kidonge chake kiganjani, akisikiliza sahani zinavyogongana na maji yanavyomiminwa kumezea dawa. Alijua kinachofuata, akajiinua kidogo kungoja chai yake.

"Weka chini hicho kikombe," ilisema sauti ya mama mkwe. "Umemeza dawa ya damu sasa hivi. Ukinywa chai juu yake haiingii mwilini, ni sawa na kumeza mawe. Nesi alinieleza mwenyewe, tangu siku ile ya kwanza. Chukua chungwa."

"Na hii chai yote, mama?"

"Mpelekee wifi yako."