Kitanda cha Saumu

Mbaruku alikuwa anakipasua kwa shoka kitanda cha bintiye aliyezikwa juzi. Mwanaisha, aliyekuwa akisomea kuwahudumia wafiwa, alisimama mlangoni, na maneno yale yale waliyokatazwa darasani yakamtoka: "Kazi ya Mungu haina makosa, baba."

Mbaruku akalirusha shoka. Likazama kwenye fremu ya mlango, karibu kabisa na sikio la Mwanaisha.

"Rudia! Rudia nikupasue na wewe!"

Mwanaisha hakuondoka mlangoni. "Nimekosea, baba. Alikuwa anaitwa nani?"

Mbaruku alimkodolea macho, kisha akaling'oa shoka. "Saumu. Alikuwa akilala miguu juu ukutani, mjinga yule."

Mwanaisha akaingia, akachuchumaa, akaushika mguu wa kitanda usiteleze.

"Kaza mikono, dada," alisema Mbaruku, na shoka likapaa.